Mlango wa Mto na Njia ya Miguu

Husemwa kwamba mito ndiyo njia za kwanza za dunia. Ni kweli, lakini kila njia ina mwisho wake. Meli itokayo baharini na kuingia katika mto Kongo hufika Matadi, kilometa 150 hivi toka Banana, na kukoma hapo. Toka Matadi mpaka Kinshasa maji yanaanguka juu ya mawe, maporomoko zaidi ya 30. Toka Kinshasa mpaka Kisangani mto unatulia tena, na maboti yanapita zaidi ya kilometa 1700. Basi mto wetu ni kama nyumba kubwa ambayo mlango wake umezibwa.

Tuone matokeo yake katika historia ya Kanisa. Diogo Cão alifika penye mlango huo mwaka 1482. Katika safari ya pili Wareno walipanda mpaka Yelala, wakachonga msalaba na majina yao juu ya jiwe, wakarudi. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Mwaka 1518 Papa Leo X alimteua Henrique, mjukuu wa mfalme huyo, kuwa askofu. Lakini karibu miaka 400 ikapita, na Injili haikupanda na mto mpaka kwetu Lualaba na Tanganyika.

Ilitufikia kwa mlango wa nyuma. Mapadri Weupe waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakaenda kwa miguu pamoja na wapagazi wao, wakafika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1880 walivuka ziwa, wakaanza misioni Mulweva. Mwaka 1885 wakapewa Mpala. Reli ya Matadi ilimalizika mwaka 1898 tu. Njia hiyo ya mashariki ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa. Pale walipopita ndugu zetu wenye minyororo, ndipo Injili ilipopita, na Kiswahili tunachosalia. Na mwaka 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze akapewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizi.

Majina ya wapagazi wale hayakuandikwa. Hata leo tunazo jumuiya ambazo boti haifiki wala motokari. Wakatekista wanazifikia kwa miguu. Tunapoandika historia ya parokia zetu, tuandike majina yao.