Ndoa, Imani na Sheria: Kutoka Misheni ya Karema hadi Sheria ya Ndoa ya 1971

Kasansa ni kata ya Mpimbwe, mkoani Katavi, katika nchi ya Wapimbwe ambako wamehamia pia Wasukuma wengi pamoja na mifugo yao. Anayetaka kujua jinsi imani ya Kikristo ilivyoingia katika sheria zilizoijenga Tanzania anaweza kuanzia huko badala ya kuanzia Dar es Salaam. Magharibi ya Mpimbwe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ipo Karema. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa hapo kituo kilichojengwa na chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wakakigeuza kuwa misheni. Miongoni mwa mafundisho yao ilikuwamo maana mpya ya ndoa: mume mmoja, mke mmoja, hadi kifo.

Maana hiyo ilikutana na nyingine mbili. Kwa mila, ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili. Kwa Uislamu, ilikuwa mkataba unaomruhusu mume kuoa hadi wake wanne kwa masharti. Serikali ya kikoloni ya Waingereza haikuzipatanisha. Wakristo waliwekewa sheria yao, na wengine wakaachiwa dini au mila zao. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi mgawanyiko huo.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo ya kuunganisha taratibu hizo, na mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 9 kinaeleza kuwa ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao yote. Asili ya maneno hayo iko mbali. Mwaka 1866, katika shauri la Hyde dhidi ya Hyde, mahakama ya Uingereza ilieleza ndoa kama inavyoeleweka katika nchi za Kikristo: muungano wa hiari, wa maisha, wa mume mmoja na mke mmoja, bila mwingine yeyote. Bunge la Tanzania lilichukua hiari na maisha. Sharti la “bila mwingine yeyote” likaliondoa katika maana ya jumla, likaliweka katika ndoa ya mke mmoja peke yake, kisha likaitambua pia ndoa ya wake wengi.

Kiisimu, hatua hiyo ina uzito. Neno “ndoa” latokana na kitenzi cha Kibantu “-oa”, na katika matumizi ya kawaida mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Muungano wa hiari wadai kauli nyingine, yaani “kuoana”, ambamo wote wawili ni watenda. Hata hivyo, uwezekano wa wake wengi ulimwachia mume peke yake kauli ya kutenda.

Kanisa nalo lilipata na kupoteza. Kifungu cha 11 kinazuia ndoa iliyofungwa kanisani baina ya Wakristo wawili kugeuzwa kuwa ya wake wengi, madhali wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Lakini talaka iliwekwa mikononi mwa mahakama, baada ya shauri kupitia kwanza baraza la usuluhishi. Hivyo Mkatoliki aliyeachana na mwenzake mahakamani huweza kuwa huru mbele ya dola huku Kanisa likimhesabu kuwa angali katika ndoa.

Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, hakuificha imani yake, wala hakuifanya kuwa dini ya Serikali. Katiba ya 1977 inataja uhuru, haki, udugu na amani kuwa misingi ya jamii. Mkristo huusikia “udugu” kwa sikio la Injili, Mwislamu kwa sikio la Kurani, na mwanakijiji kwa sikio la ukoo. Neno moja limewatosha wote kwa sababu halikufungiwa katika dini moja.

Basi, athari ya Ukristo katika sheria hizi ni ya kweli, ila ilipokelewa kwa kuchujwa. Katika kata kama Kasansa, mke wa ndoa ya kanisani, mke wa pili wa mfugaji na mwanamke aliyeolewa kwa nikaha huweza kufika mbele ya baraza lile lile, chini ya sheria ile ile. Imani ilichangia maneno ya sheria hiyo. Mamlaka ya kuitumia yalibaki kwa dola.