Sungura wa Kufugwa: Makao na Utunzaji Wake Junda

Sungura wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus) ni mnyama mla majani ambaye asili yake ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo. Siye yule sungura wa porini wa hadithi zetu. Wa porini ni wa jenasi ya Lepus: hulala juu ya ardhi na huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa kwa asili huishi shimoni, na watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni. Mnyama wa shimoni amezoea ubaridi wa udongo. Akiletwa pwani na kufungiwa juani hana pa kukimbilia.

Junda ni wadi ya jimbo la Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya hori ya Tudor. Wapangaji wengi huchangia ua mmoja, na sungura akifugwa hufugwa uani humo humo, baina ya jiko na kamba za nguo. Adui yake wa kwanza hapo ni joto, wala si paka. Sungura hatoki jasho la kumfaa na hawezi kuhema kama mbwa. Hupoza mwili kwa masikio, ambamo damu hupita karibu na ngozi. Hustarehe baina ya nyuzi 15 na 21 za Selsiasi. Joto likipita 30 yumo hatarini, na dume huweza kukosa uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa. Mombasa mchana wa Machi hufika nyuzi 32 au 33, hewa imejaa unyevu, na wakati wa maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijashika, hata jani halitikisiki.

Kwa hiyo kizimba kijengwe kwa kufuata pepo. Uso wake uelekee kaskazini-mashariki ili upokee kaskazi wakati wa kiangazi. Ubavu wa kusini uzibwe, maana mvua ya masika husukumwa na kusi, na wa magharibi ufunikwe kwa makuti kuzuia jua la alasiri. Makuti yanafaa pia kuezekea. Bati tupu hugeuza kizimba kuwa tanuri, na asiye na budi kulitumia alitandikie makuti juu yake. Kivuli cha mwembe au mwarobaini ni bora. Chini ya mnazi pasijengwe kabisa: nazi ikianguka huvunja paa na kumuua mnyama.

Miguu ya kizimba iwe ya mita moja hivi, hewa ipite chini na mwenye kusafisha asiiname. Kila mguu usimamishwe ndani ya kopo lenye oili chafu kuzuia siafu, ambao huweza kummaliza mtoto wa sungura usiku mmoja. Wavu wa kuku humzuia sungura kutoka lakini haumzuii mbwa kuingia. Ununuliwe wavu mgumu wa kuchomelewa, wenye matundu madogo, ili kunguru, panya na nyoka wasipenye. Sakafu ikiwa ya wavu, pawekwe ubao wa kupumzikia, la sivyo nyayo hufanya vidonda.

Wafugaji wa nyama huwapa sungura kizimba cha sentimita 60 kwa 90. Kwa mnyama wa kukaa naye miaka hapo ni kifungoni. Shirika la Uingereza la Rabbit Welfare Association & Fund linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, kimo cha mita 1, kwa sungura wawili. Katika ua wa Junda nafasi hiyo ni adimu, lakini ua uliofungwa lango unatosha kuwaachia wakimbie alfajiri na magharibi, saa ambazo kwa maumbile yao ndio huchangamka.

Sungura aliyezidiwa na joto hujinyoosha ubavu, masikio huwa mekundu, pua hupanuka na mdomo hulowa mate. Apelekwe kivulini, masikio yapanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida. Maji ya barafu yasitumiwe, wala asitumbukizwe majini. Chupa ya maji yaliyoganda, ikifungwa kitambaa na kuwekwa kizimbani saa sita, humfaa: ataisogelea na kulala kando yake. Maji ya kunywa yasikauke. Visima vingi vya Kisauni vina chumvichumvi, basi apewe yale yale yanywewayo nyumbani.

Meno ya sungura hayakomi kukua, na nyasi ndizo huyasaga. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi kavu; ukoka, matembele na majani ya mzunze ni nyongeza. Majani yaliyolowa umande yaanikwe kwanza. Majani mabichi ya muhogo, ya parachichi na ya nyanya yana sumu. Mboga zilizochacha, ziokotwazo sokoni, humharisha. Akionekana anakula mavi yake laini asizuiwe, kwani hivyo ndivyo anavyopata virutubisho vilivyobaki. Aliyekaa nusu siku bila kula wala kunya apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ukoko ndani ya masikio ni upele wa utitiri, nao hutibika.

Asibebwe kwa masikio. Mkono mmoja ushike kifua, wa pili ubebe makalio, kwa sababu akirusha mateke hewani huweza kuvunjika uti wa mgongo.

Dume na jike watengwe kabla ya kutimia miezi minne. Mimba huchukua siku 31 hivi, na jike huweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa. Wenye manyoya marefu, kama Angora, hawaifai Mombasa.

Akitunzwa huishi miaka 8 hadi 12, na Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani mwenye kumtesa mnyama wake kwa njaa au kiu. Mzazi anayetaka kumnunulia mtoto sungura ajenge kizimba kwanza, akipime joto saa nane mchana, ndipo amlete mnyama nyumbani.