Ganzi ya Neva Katika Upasuaji wa Mkono: Inavyofanya Kazi na Ilivyoboreshwa

Ganzi ya neva ni njia ya kuzuia maumivu kwa kuchoma dawa karibu na neva za mkono, ili mgonjwa aweze kupasuliwa bila kulazimika kupewa nusukaputi. Neva hizo hutoka katika mizizi mitano ya uti wa mgongo, minne shingoni na mmoja kifuani, kisha hupita nyuma ya mtulinga na kushuka kwapani.

Mahali pa kuchoma hutegemea sehemu inayopasuliwa. Kwa bega, dawa huwekwa shingoni. Kwa kiwiko, kigasha na kiganja, huwekwa karibu na mtulinga au kwapani. Ganzi ya shingoni huweza kudhoofisha kwa muda msuli wa kupumulia, hivyo mwenye ugonjwa wa mapafu anapaswa kumweleza daktari mapema.

Mwaka 1884, William Halsted wa Marekani alitumia kokeini kwenye neva alizozifunua kwa kisu. Mwaka 1911, Hirschel na Kulenkampff wa Ujerumani walionesha kuwa dawa inaweza kupitishwa kwenye ngozi kwa sindano. Hata hivyo, sindano iliongozwa kwa kukadiria. Ilipopotoka, ganzi haikushika, au pafu na mishipa ya damu vilitobolewa.

Hatua kubwa ilipatikana kwa ultrasaundi, ambayo wataalamu wa Vienna waliielezea kwa ganzi ya eneo la mtulinga mwaka 1994. Kwa kuiona neva na ncha ya sindano, mtaalamu hutumia dawa kidogo zaidi na hupunguza hatari ya kutoboa mishipa ya damu. Aidha, kuongeza deksamethasoni hurefusha nafuu kwa saa kadhaa.

Dawa ya ganzi ikiingia kwa wingi katika damu huweza kuleta degedege au kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo, huduma hii hutolewa penye vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo na dawa za dharura, ikiwemo mchanganyiko wa mafuta unaochomwa mshipani. Mgonjwa anayehisi ganzi midomoni, ladha ya chuma au mvumo masikioni aseme mara moja.

Baada ya upasuaji, mgonjwa anashauriwa kuukinga mkono dhidi ya moto na majeraha, kumeza dawa za maumivu alizoandikiwa kabla ganzi haijaisha, na kurudi hospitali endapo ganzi itapita muda alioelezwa.