Soko la Barafuni Mtoni Thames

Kati ya karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 19, mto Thames uliganda mara kadhaa katikati ya London, na barafu ilipokuwa nene vya kutosha wafanyabiashara walihamia juu yake. Majira ya baridi ya enzi hizo yalikuwa makali kuliko ya leo, lakini ukali huo peke yake haukutosha. Daraja la London, lililokamilika mwaka 1209, lilikuwa na matao 19 membamba na nguzo nene. Vipande vya barafu vilinasa hapo, maji yakapungua mwendo, mto ukaganda.

Wa kwanza kupata hasara walikuwa wavushaji, kwani mashua hazikuwa na pa kupita. Hawakukaa bure: walitoza ushuru kila aliyeshuka barafuni, na makasia na matanga yao yakawa mabanda. Katika baridi ya 1683–84, mto ulipoganda kwa takribani miezi miwili, mabanda hayo yalipangwa kama mtaa. Paliuzwa nyama ya kuchoma na pombe, magari ya farasi yakabeba abiria, na watu wakateleza kwa viatu vya vyuma, mchezo ulioshika London baada ya 1660, wafuasi wa mfalme waliporejea kutoka uhamishoni Uholanzi. Wajanja kuliko wote, pengine, walikuwa wachapaji. Walishusha mitambo yao mtoni wakawachapia wateja kadi zenye majina yao, zikieleza kwamba zimechapwa juu ya barafu. Hata Mfalme Charles II alichapiwa yake.

Soko la mwisho lilifanyika Februari 1814 na halikudumu hata wiki. Inasimuliwa kwamba tembo alivushwa karibu na Daraja la Blackfriars. Daraja la kale la London lilianza kubomolewa mwaka 1831. Baadaye kingo zilijengewa kuta, mto ukawa mwembamba na wenye kasi, na hali ya hewa nayo ikapata joto.

Barafu ya mtoni ilipotoweka, ilibaki kutengeneza nyingine. Mwaka 1876 mvumbuzi John Gamgee alifungua huko Chelsea uwanja wa kuteleza wenye barafu ya mashine: kimiminika baridi chenye glisarini kilipita katika mabomba ya shaba na kugandisha maji yaliyokuwa juu yake. Viwanja vya msimu bado hutegemea mabomba ya namna hiyo. Ule wa Somerset House, jengo lililokuwa likipakana na maji ya Thames hadi tuta la Victoria lilipokamilika mwaka 1870, ulianza mwaka 2000. Hutandikwa uani kuanzia Novemba na kuondolewa Januari, na bila mashine barafu yake isingedumu.