Jembe la Siku ya Tatu

Jina la Sumbawanga, kwa Kifipa, ni amri: tupa uchawi. Amri hiyo yahusu alichokibeba mtu, si alikotoka. Tena wazee wa Ufipa wana simulizi ya kale juu ya wageni. Mfalme wa Milansi alikuwa mawindoni. Wakaja wanawake watatu wasiojulikana, na mkewe akawaachia kigoda cha enzi wakakikalia. Aliporejea, utawala wa nchi ulikwisha kuhama mikononi mwake. Simulizi hiyo, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis ameichambua kwa kirefu, haifichi kwamba ukarimu una gharama. Wenyeji wa uwanda ule waliijua hofu ya mgeni karne nyingi kabla ya serikali zetu kuanza kuizungumza.

Mwaka 1972 Wahutu kwa maelfu waliyakimbia mauaji nchini Burundi chini ya utawala wa Michel Micombero. Waliopokewa Tanzania walipewa makazi Ulyankulu, mkoani Tabora, na baadaye Katumba na Mishamo, wilayani Mpanda, kaskazini ya uwanda wa Ufipa. Mpanda yenyewe ilikuwa chini ya Mkoa wa Rukwa, wenye makao yake Sumbawanga, hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Wahenga wetu wa pwani walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katumba na Mishamo methali hiyo ilitimizwa neno kwa neno. Wageni walipewa msitu. Wakaufyeka, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, wakajilisha na kuuza ziada. Wakazaa, na waliozaliwa nao wakazaa.

Je, aliyekwisha kupewa jembe aweza kurudishwa alikotoka kwa sababu tu serikali mbili zimekubaliana? Jibu limo katika Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, kifungu cha tano. Kifungu hicho hakikatazi serikali kushirikiana. Kinazitaka zishirikiane kumwandalia safari ya salama mkimbizi aombaye kurejea. Lakini utaratibu wake ni huu: kwanza mkimbizi aombe, kisha serikali zishirikiane. Asiyetaka asirudishwe. Neno lenye kubeba uzito wote ni hiari.

Historia yetu yaonyesha utaratibu huo ukifuatwa, na ukipinduliwa. Desemba 1996, serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitoa tamko kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerejea kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Waliokuwa mkoani Kagera walikaribia nusu milioni. Wengi walitoka kambini wakielekea ndani ya nchi badala ya mpakani, askari wakawageuza. Miguu yao ilikwisha kujibu swali ambalo hawakuulizwa.

Mwaka 2007 watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa. Wanne kati ya kila watano hivi walichagua uraia wa Tanzania, na wapatao 162,000 walikubaliwa. Hata hivyo walitakiwa kwanza kuyahama makazi yao na kutawanyika mikoani, na vyeti vikazuiliwa. Sharti hilo lilipoachwa, vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Ilikuwa heshima kubwa iliyochelewa, lakini ilikuwa heshima.

Kisha ikaja Agosti 2019. Tanzania na Burundi ziliafikiana kuwarudisha Warundi walioikimbia misukosuko ya mwaka 2015, kwa hiari au bila hiari, kuanzia Oktoba. Mwaka uliofuata Human Rights Watch ilieleza habari za Warundi 18 waliokamatwa kambini mkoani Kigoma. Kuna walioteswa, kuna waliokabidhiwa kwa Burundi, na kuna ambao ndugu zao hawakujua walipo. Ushirikiano ulikuwa umekwisha kuvuka maandalizi ya safari, ukawa ushirikiano wa pingu.

Haki yataka tuseme pia kwamba Tanzania ilibeba mzigo mzito huku mataifa tajiri yakipunguza chakula cha kambini, na kwamba mataifa hayo hayo yana mikataba yao. Uingereza iliafikiana na Rwanda mwaka 2022 kuwapeleka huko waomba hifadhi. Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliukataa mpango huo mwaka 2023, kwa hofu kwamba watu wangerudishwa kwenye hatari.

Mkataba wa serikali mbili una sahihi mbili, na anayesafirishwa ni mtu wa tatu. Mke wa mfalme wa Milansi hakuwajua wageni wake, na nchi ililipa gharama. Hata hivyo Wafipa hawakuugeuza mji wao ukaitwa Fukuza Wageni. Waliuita Tupa Uchawi.