Hita ya gesi nyumbani: Bomba la moshi likikosewa, unaweza kulala usiamke

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huuma kweli kweli, iwe ni Limuru na Nyahururu kule Kenya au Njombe na Makete kule Tanzania. Watu hufunga madirisha, huziba upenyo chini ya mlango kwa kitambaa, kisha huwasha hita ya gesi ya chumbani au ya maji ya kuoga. Joto hubaki ndani, na moshi wa gesi nao hubaki ndani.

Sumu usiyoinusa

Gesi ya mtungi ikiungua vizuri hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Ikikosa hewa safi ya kutosha, hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho.

Hapa wengi hujichanganya. Ile harufu kali ya gesi inayovuja huongezwa kiwandani ili ushtuke mapema. Gesi ikishaungua, harufu hiyo hupotea. Kwa hiyo kutonusa chochote si dalili kwamba uko salama.

Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, kutaka kutapika na kuishiwa nguvu. Ni rahisi kudhani ni malaria au uchovu tu. Kama nyumba nzima mnaumwa kichwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, shukuni hita kwanza. Aliyelala anaweza kufa bila kuzinduka.

Bomba la moshi likae vipi?

- Liishie nje kabisa. Kutolea moshi kwenye dari, stoo au korido ya ghorofa ni kuhamisha sumu tu, tena pengine kwa jirani.
- Liwe la chuma la kiwango alichotaja mtengenezaji. Bomba la plastiki la maji halifai, joto hulilainisha na viungo huachia.
- Kwa hita isiyo na feni, bomba lipande juu kuelekea nje, kwa sababu moshi wa moto hupanda wenyewe. Likiinama au kuwa na kona nyingi, moshi hurudi ndani.
- Mdomo wake usiwe chini ya dirisha, na uwe na kofia ya kuzuia mvua, upepo na ndege wanaojenga viota.
- Usipunguze kipenyo chake ili tu liingie kwenye tundu lililopo ukutani.

Chumba pia kinahitaji matundu ya hewa, la juu na la chini. La chini lina kazi ya ziada: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Usiyazibe kwa sababu ya baridi.

Hita ya maji inayovuta hewa ya humo humo chumbani isifungwe bafuni. Bafu ni dogo, na mlango huwa umefungwa mtu akioga.

Kagua mwenyewe

Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, au ukiona masizi kwenye hita au ukutani, zima uite fundi wa gesi.

Kwa hita ya maji isiyo na feni, iwashe dakika chache, kisha sogeza kijiti cha udi pale moshi unapoingilia kwenye bomba. Moshi wa udi ukivutwa ndani, sawa. Ukirudishwa chumbani, zima mara moja. Rudia feni ya jikoni au bafuni ikiwa imewashwa, maana feni inaweza kuurudisha moshi ndani.

Hita za magurudumu zenye mtungi ndani hazina bomba kabisa. Tumia ukiwa macho, dirisha likiwa wazi kidogo, na uzime kabla ya kulala. Jiko la mkaa si mbadala: mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, lakini hutoa sumu hiyo hiyo kwa wingi.

Kengele ya kaboni monoksaidi ni msaada mkubwa karibu na vyumba vya kulala. Haichukui nafasi ya bomba.

Mtu akizidiwa

Mtoeni nje kwenye hewa safi kwanza. Fungueni milango, zimeni gesi kwenye mtungi, kisha piga 999 au 112 ukiwa Kenya, au 114 ya zimamoto ukiwa Tanzania. Mpelekeni hospitali hata akisema yuko poa, na mwambieni daktari kuhusu hita, kwani tiba ni oksijeni na hutakiwa mapema.

Kwa wapangaji: kabla ya kulipa kodi ya nyumba yenye hita ya gesi, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe bomba linatokea wapi nje. Asipoweza kukuonyesha, usiiwashe hadi fundi aikague.