Barua za Nyangwe: somo la 1871 kwa msanifu wa usalama wa mtandao

Leo tuongee juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tunaisikia kwa mbali tu: msanifu wa usalama wa mtandao katika taasisi kubwa. Ila tuanzie nyumbani, Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba.

Mwisho wa Machi 1871 David Livingstone alifika Nyangwe akitokea Kabambare, ambako vidonda vya miguu vilimshika miezi mingi. Karatasi zilimwishia, wino pia. Basi akachukua gazeti la Kiingereza la 1869, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mmea wa huku. Tarehe 15 Julai akaona kwa macho yake watu wenye bunduki wakipiga risasi sokoni. Wengi waliokufa ni wanawake waliokuja kuuza. Wengine walizama mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria watu kati ya 330 na 400.

Sasa, habari hiyo ingefikaje nje? Njia ya barua ilipita Ujiji na Unyanyembe mpaka Zanzibar, na njia nzima ilishikwa na wafanyabiashara. Barua zake nyingi za miaka ile hazikufika. Lakiri inazuia barua isisomwe, lakini haizuii isitupwe!

Kilichookoa habari ni mbebaji mwingine. Stanley alitoka na maandishi yake mwaka 1872, yakafika London. Hasira iliyowaka kule ilisaidia kumsukuma Sultani Barghash, tarehe 5 Juni 1873, atie sahihi ya kufunga masoko ya watumwa.

Haikuishia hapo. Safari za Livingstone zilichapwa kitabu mwaka 1874, na wino wa lile gazeti ukafifia. Mwaka 2011 watafiti waliusoma tena kwa kupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Kumbe maneno ya kwanza hayafanani yote na ya kitabu, hasa yanayohusu watu wa msafara wake mwenyewe. Karatasi zile zingetupwa, leo tusingejua.

Humo mna maswali matatu ya msanifu. Nani ataiona habari hii? Nani anaweza kuibadilisha bila kujulikana? Na njia moja ikifungwa, itapatikana wapi?

Msanifu si mlinzi wa mlangoni, wala si fundi wa kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Yeye anachora kabla nyumba haijajengwa: nani afike wapi, nakala ya akiba ikae wapi, chumba kimoja kikivunjwa mwizi asifike cha pili, na kila anayegusa faili aache alama.

Mfano wa karibu: Julai 2023, eCitizen ya Kenya ilishambuliwa. Mlango huo mmoja ulibeba huduma zaidi ya 5,000 za serikali. Serikali ilisema data hazikupotea, lakini watu walikwama na maombi ya pasipoti na viza. Siri ilibaki, huduma haikupatikana. Ni kama ile lakiri ya njia ya Ujiji.

Na sisi je? Fikirieni taasisi ambayo pointi za wanafunzi wote zimo katika kompyuta moja, na neno la siri linajulikana na watu sita. Pointi zikibadilishwa usiku, nani atajua? Mashine ikiungua, diploma yako utaithibitisha kwa nini? Kongo tuna Sheria ya Numeriki tangu 13 Machi 2023, ni jambo zuri. Lakini sheria haichori ramani ya ofisi. Anayeichora ni mtu aliyesoma, tena mwenye ujasiri wa kumwambia mkubwa wake: "Mzee, njia hii ina kituo kimoja tu."

Wale mama wa soko la Nyangwe hawakuacha karatasi yao wenyewe. Tunawajua kwa sababu maandishi ya mtu mwingine yalinusurika kwa bahati. Taasisi zetu zisiishi kwa bahati ya namna hiyo.